Ajali haina kinga, lakini harusi ina tarehe

 Leo siji na mbinu ya kupiga picha nzuri ya bidhaa wala namna ya kuongeza wafuasi. Leo nakuja na kosa langu mwenyewe. Nimelikalia muda mrefu kwa aibu, lakini naona msimu wa harusi unakaribia hapa Simiyu na wengi wenu mmeshaanza kupokea oda. Bora nilisema.

Mimi nauza na kukodisha vitu vya harusi hapa Bariadi. Mashela, magauni ya wapambe, maua ya bandia, mito ya pete, vitu vya namna hiyo. Duka langu ni chumba kimoja, na wateja wengi wananipata kwenye simu. Wanaona picha, wanauliza bei, wanalipa kwa simu, mzigo naagiza Kariakoo unakuja kwa basi. Nadhani nusu ya mnaosoma hapa mnafanya hivyohivyo, hata kama nyie mnauza viatu au vyombo.

Mwaka ule, mwezi wa sita, alikuja mama mmoja kutoka Itilima. Binti yake anaolewa Jumamosi ya wiki inayofuata. Siku nane zimebaki. Anataka shela la kununua, siyo la kukodi, na magauni sita ya wapambe ya rangi moja. Nikapiga hesabu pale pale: shela 350,000, magauni 45,000 mara sita ni 270,000, jumla 620,000. Akanilipa advansi 400,000. Niliona kama nimeokota dhahabu. Siku nane? Basi linatoka Dar leo, kesho liko hapa. Nikasema, "Mayu, wala usiwe na wasiwasi. Alhamisi mzigo unao mkononi."

Mzigo ulitoka Dar Jumatano. Alhamisi asubuhi nikaenda stendi. Haupo. Nikapiga simu kwa aliyeutuma, akasema ameukabidhi, risiti anayo. Nikawauliza wa basi, wakasema subiri, labda umepanda gari la nyuma. Gari la nyuma likaja jioni. Haupo.

Usiku ule yule mama akanipigia. "Mwanangu, vipi?"

Nikamjibu, "Mzigo uko njiani mama, kesho asubuhi."

Ijumaa asubuhi haukuwepo. Akapiga tena saa nne. Nikasema uko njiani. Saa kumi jioni nikasema uko njiani. Saa tatu usiku nikazima simu.

Mzigo ulifika Jumamosi saa kumi na moja jioni. Ulikuwa umekaa Shinyanga siku mbili, kwenye chumba cha mizigo. Kwenye lebo namba yangu ya simu iliandikwa tarakimu tisa badala ya kumi, na neno Bariadi lilikuwa limefutika kwa kulowa. Yule karani wa pale hakuwa na wa kumpigia. Ibada ilikuwa saa nne asubuhi. Bibi harusi alifunga ndoa na shela la kuazima kutoka kwa dada mmoja wa Somanda, kubwa kwake, limebanwa mgongoni kwa pini. Wapambe kila mmoja alivaa alichokuwa nacho.

Jumapili nikaenda kwao. Nilibeba 400,000 zao zote, nyingine nimekopa kwenye kikoba. Nikapiga magoti nikaomba radhi. Yule mama hakunitukana. Alihesabu hela, akazifunga kwenye kitambaa, akasema: "Mwanangu, hela umeturudishia. Siku je, unairudishaje?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Nilipotoka pale kila niliyemsimulia aliniambia maneno yaleyale: pole bwana, ajali haina kinga. Wafanyabiashara wenzangu ndio waliosema zaidi. Na mimi nikajipoza nayo miezi kadhaa. Sasa hivi maoni yangu ni kwamba methali hiyo, kwetu sisi wauzaji, imekuwa shuka la kujifunikia. Ajali haina kinga, sawa. Lakini harusi ina tarehe, na tarehe tuliijua siku ya kwanza.

Hebu tuangalie. Mtu akinunua sufuria kwangu ikachelewa siku mbili, amekula kwa sufuria ya zamani siku mbili. Nikimrudishia hela tumemalizana. Lakini anayenunua shela, keki, suti ya bwana harusi, hata vile vikombe vya zawadi vyenye majina ya maharusi, huyo amenunua kitu cha siku moja. Ikipita saa nne ya Jumamosi, kile kitu kimekuwa kitambaa tu. Magauni yale sita niliyanunua 35,000 kila moja. Niliyauza 20,000 moja moja, na ilinichukua miezi mitano. Hakuna mtu anayetaka gauni la mpambe la harusi ya mwenzake.

Kwa hiyo kurudisha hela siyo mpango. Kurudisha hela ni mazishi ya oda. Hata Sheria ya Mikataba ya nchi hii, Sura ya 345, haiishii kwenye kurudisha ulichopokea. Kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kudai fidia ya hasara iliyotokana na kuvunjwa huko. Na msijidanganye kwamba hamna mkataba kwa sababu hamkuandikishana. Ujumbe wa simu unaosema "nimepokea advansi, Alhamisi mzigo unao" ni ahadi. Yule mama alikuwa mstaarabu tu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Watu wakisikia habari yangu wanalaumu basi au lebo. Mimi nasema hapana. Lebo ilichelewesha mzigo. Aliyeharibu harusi ni mimi, Alhamisi usiku, niliposema "uko njiani" wakati sijui uko wapi.

Fikirini. Alhamisi usiku ilikuwa bado kuna Ijumaa nzima. Kutoka Bariadi kwenda Mwanza kupitia Lamadi unakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Mwanza kuna maduka ya mashela ya kutosha. Kama ningesema ukweli, yule mama, mimi na kamati yao tungepata shela la kumtosha binti, na magauni sita hata kama si ya rangi ile. Mimi niliiba Ijumaa yao. Niliiiba kwa sababu niliogopa kurudisha hela na niliogopa kuonekana siwezi kazi. Mwishowe nikarudisha hela na nikaonekana siwezi kazi.

Kwa hiyo kama utaondoka hapa na kitu kimoja, ondoka na hiki: shida ikitokea, mteja aijue siku ileile unayoijua wewe. Siyo ukishapata suluhisho. Siku ileile.

Lakini pia tupange kabla. Na kupanga kabla siyo kuota mabaya. Ni kuangalia yaliyokwisha kutokea hapahapa kwetu.

Umeme. Aprili 1, 2024, Jumatatu ya Pasaka, gridi ya taifa ilipata hitilafu na nchi ikaingia gizani. Wakristo wengi wanasubiri Kwaresima iishe ndipo wafunge ndoa, kwa hiyo Pasaka ni msimu wa harusi. Wewe unayeoka keki, unayenyoosha magauni kwa pasi, unayechaji spika, siku hiyo ulikuwa na mpango gani?

Mtandao. Mei 12, 2024, Jumapili, nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia sana. Oda zangu zote zilikuwa kwenye simu: vipimo, rangi, ramani ya nyumbani kwa mteja. Niliposhindwa kufungua picha alizonitumia mteja mmoja ndipo nilipoenda kununua daftari. Mpaka leo kila oda ya harusi naiandika kwa kalamu: jina, vipimo, rangi, tarehe, saa ya ibada, na namba tatu za simu za watu tofauti wa familia.

Mikusanyiko. Machi 17, 2020 Serikali ilitangaza kufunga shule na kuzuia mikusanyiko kwa sababu ya corona. Mwaka mmoja baadaye, Machi 17, 2021, Rais Magufuli akafariki na nchi ikaingia kwenye maombolezo. Hayo ni makubwa ya kitaifa. Lakini kila wiki kuna familia ambayo babu amefariki Jumatano na harusi ilikuwa Jumamosi. Huku kwetu msiba hauahirishwi, harusi ndiyo inayosogea. Je, advansi yake inasogea nayo au imekufa? Kama hujamwambia siku ya kwanza, mtagombana kwenye matanga.

Na michango. Hapa Simiyu wote tunajua kalenda yetu ni pamba. Soko la pamba likifunguliwa kwenye mwezi wa tano, ndipo mahari zinapotembea na kamati za harusi zinapoanza kukaa. Malipo ya wakulima yakichelewa, michango inachelewa. Michango ikichelewa, kamati inamlipa muuzaji wiki ya mwisho. Kisha muuzaji anaagiza kwa haraka, kwa basi lolote, kwa lebo yoyote. Mnaona ajali inapoanzia? Haianzii stendi.

Baada ya yale yaliyonipata nilijiwekea taratibu. Siyo msahafu, mtaongeza za kwenu.

Ya kwanza, siku 21. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaotaka kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla. Kanisani nako wanatangaza Jumapili tatu. Maana yake ndoa ya kawaida ina tarehe inayojulikana wiki tatu kabla, kwa uchache. Basi na mimi kitu cha kuagiza nje ya mkoa siagizi chini ya siku 21. Na mzigo lazima uwe dukani siku saba kabla ya harusi, ili binti aje ajaribu na fundi arekebishe. Akija mtu mwenye siku nane, namwonyesha kilichopo dukani. Akikitaka sawa, asipokitaka namwelekeza kwa mwenzangu.

Ya pili, picha ya lebo. Anayenitumia mzigo lazima anipigie picha ya kifurushi kikiwa kimeandikwa, na picha ya risiti ya basi yenye namba ya gari. Nahesabu tarakimu mwenyewe, moja mpaka kumi. Jina na namba viandikwe kwa kalamu isiyofutika, na karatasi nyingine yenye maandishi hayohayo iwekwe ndani ya mzigo. Gharama yake ni karatasi mbili. Mimi nilipoteza zaidi ya laki tatu kwa kukosa karatasi mbili.

Ya tatu, kitu cha akiba. Lile shela lililofika jioni, nililolinunua 270,000, sikuliuza. Liko dukani mpaka leo. Nimelifanyia kamba mgongoni badala ya zipu ili limtoshe mwembamba na mnene. Limeshavaliwa na mabibi harusi wanne ambao mambo yao yalikwama, na sikuwatoza zaidi ya hela ya kulifua. Akiba haiozi, wazee walisema.

Ya nne, mtu wa kukaa tayari. Kuna fundi cherehani namlipa 10,000 kila Jumamosi yenye harusi yangu, akae karibu na simu mpaka ibada iishe. Jumamosi nyingi hapigiwi simu na hela yake anakula. Mume wangu aliniuliza, "Unamlipa mtu kwa kutofanya kazi?" Nikamwambia namlipa ili nilale. Kisha siku moja zipu ya gauni ikapasuka saa mbili asubuhi, na saa tatu kasoro ilikuwa imeshashonwa. Hakuuliza tena.

Ya tano, maneno ya mapema. Kabla sijapokea advansi namwambia mteja mambo matatu. Harusi ikisogea kwa msiba au ugonjwa, advansi yake inabaki hai miezi mitatu. Hela ya mwisho inalipwa siku kumi kabla, siyo siku ya harusi. Na mzigo ukipata shida njiani, nitamwambia siku hiyohiyo na tutachagua pamoja: shela la akiba au kutafuta kwingine kwa gharama yangu. Yote hayo namtumia kwa ujumbe mfupi, naye anajibu "nimekubali". Mistari mitano tu.

Ya sita, ndogo kabisa: kila oda ya harusi inatoka dukani kwangu na kimfuko. Sindano, uzi mweupe, pini kumi, kitambaa safi, chaki nyeupe ya kufunika doa dogo. Kinanigharimu chini ya 3,000. Kuna mama alinipigia kunishukuru kwa pini, shela lenyewe hata hakulitaja.

Najua mnachotaka kusema, kwa sababu na mimi nilisema.

"Dada, nikikataa oda ya siku nane mteja anaenda kwa mwingine." Ndiyo, anaenda. Nimewapoteza wengine. Lakini piga hesabu yangu tena. Oda ile ilikuwa inipe faida ya 140,000. Badala yake nilirudisha 400,000, nikalipa riba ya kikoba, nikabaki na magauni sita, na Itilima yote ikajua. Harusi ina watu wangapi? Mtu aliyekatishwa tamaa na sufuria yako anamwambia jirani. Bibi harusi uliyemharibia siku amezungukwa na wageni mia tatu, na kila mmoja ataulizia kwa nini shela lilikuwa na pini. Pia ni kweli kwamba oda nyingine za haraka zinawezekana, kama kitu unacho mkononi. Ninachokataa ni kuahidi kitu ambacho bado kiko Kariakoo, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa.

"Mtaji wangu mdogo, siwezi kuweka cha akiba." Hilo nalielewa, na hapa sitaki kujifanya mjanja. Lile shela la akiba nililipata kwa hasara, siyo kwa mpango. Lakini akiba siyo lazima iwe mali yako. Kubalianeni wauzaji watatu au wanne wa mji mmoja: mimi nikikwama unaniazima lako, wewe ukikwama nakuazima langu, kwa bei mliyopatana kabla. Yule dada wa Somanda aliyemwazima shela binti wa Itilima alikuwa mshindani wangu. Leo ndiye wa kwanza kumpigia simu nikikwama, na yeye ananipigia mimi. Sisi wafanyabiashara wadogo tunaogopana sana bila sababu. Mteja aliyeharibikiwa harusi kwa mmoja wetu haendi kwa mwingine wetu, anasema tu "msiagize vitu kwa hawa wa mtandaoni."

"Mipango ni ya Mungu." Amina. Na mimi nasali. Lakini yule mama alikuwa amesali pia, na alinilipa 400,000 ili sehemu yangu niifanye mimi. Tusimpelekee Mungu kazi ya kuhesabu tarakimu kumi kwenye lebo.

Kuna jambo moja bado linanisumbua, na nitalisema hivyohivyo. Gharama za mpango huu anazilipa nani? Fundi wa kukaa tayari, kimfuko, kufua shela la akiba, vyote hivyo nimeviingiza kwenye bei. Nimepanda kidogo kuliko wenzangu, na kuna wateja wa kipato cha chini wanaoshindwa. Wapo wanaosema namuuzia maskini woga. Mimi naona namuuzia Jumamosi yake. Lakini asiye na uwezo wa kununua nimeamua kumpa kwa kukodi kile kilichopo dukani, kwa bei ya chini, maana kilichopo dukani hakipotei Shinyanga. Kama kuna mwenye njia nzuri zaidi, aniambie.

Mwaka jana mwishoni yule mama wa Itilima alipita dukani. Alikuja na binti mwingine, mdogo wake yule wa kwanza. Nilisimama nikakosa cha kusema. Akaangalia mashela, akagusa lile la akiba, akauliza bei. Nikamwambia, "Mama, hilo ndilo lile." Akalitazama kwa muda. Kisha akasema, "Harusi ni ya mwezi wa saba. Tumekuja mapema, safari hii sisi ndio tunapanga."

Walichagua lingine, la kununua, lililokuwa tayari dukani. Alilipa nusu, akasubiri nimwandikie ule ujumbe wa mistari mitano, akausoma wote pale pale mlangoni, polepole, akaniuliza maana ya kila mstari. Sikukasirika. Ana haki.

Sasa na wewe: fungua daftari lako leo, angalia oda yenye tarehe ya karibu zaidi, na jiulize kitu kimoja tu. Ikifika asubuhi ya siku hiyo na mzigo haupo, utamwambia mteja nini, na utakuwa umemwambia lini? Kama jibu huna, mpigie leo. Na kama yaliwahi kukupata kama mimi, tuandikie hapa chini ulivyofanya, tujifunze wote. Msimu mwema.